Namba Kumi na Nne za Yelpaala

Mdogo wangu Gervase alizichoma mbao kumi na nne za marimba ya marehemu baba siku ya Jumapili. Mimi nikakiua kisanduku kilichotunza vipimo vya sauti zake siku ya Jumatano. Nayasema yote mawili mapema kwa sababu kijijini kwetu habari hii husimuliwa nusu nusu: wengine humtaja Gervase peke yake, wengine hunitaja mimi, kutegemea wamekaribishwa pombe ya mtama nyumbani kwa nani.

Baba yetu, Yelpaala, alikuwa fundi wa marimba huko kwetu, jirani na Nandom. Alifariki kiangazi cha mwaka jana. Tulimzika, halafu tukasubiri mwaka mzima, kama inavyotupasa, ili tufanye matanga ya mwisho, yale yanayomfungulia marehemu njia. Kabla ya hapo mtu hajafika. Amesimama mlangoni tu, si wa huku tena wala si wa huko. Kuhusu siku hiyo baba aliacha neno moja: apigiwe marimba yake mwenyewe, na mpigaji awe rafiki yake, Mzee Bekyone. Hakuomba ng'ombe wala nguo. Matanga tuliyapanga Jumamosi.

Mbao za marimba hukaushwa shimoni, juu ya moto mdogo usiotoa ulimi, siku kadhaa. Marimba ya baba ilikuwa imekaa ghalani msimu mzima wa mvua bila kupigwa, na unyevu ulikuwa umeifanya iwe na sauti ya mtu mwenye mafua. Gervase akaona azifungue mbao, azirudishe shimoni kidogo zipate joto. Wazo halikuwa baya, hata baba alikuwa akifanya hivyo. Ila baba alikuwa akikaa pale pale pembeni ya shimo na kigoda chake. Gervase alikwenda kwenye msiba wa jirani kupiga nyimbo mbili tu, na mnajua mpigaji akishapata wachezaji wazuri nyimbo mbili zinavyokuwa. Aliporudi alikuta makaa. Aliingiza mikono akazitoa mbao kwa viganja vitupu, akaungua bure, hapakuwa na cha kuokoa.

Mbao nyingine kavu zilikuwepo, na Gervase ni fundi, sikio analo. Siku mbili alichonga bila kusema na mtu. Jumanne jioni Mzee Bekyone akaja, akaketi, akazipiga zote kuanzia ile kubwa hadi ile ndogo, mara moja moja. Kisha akaviweka vijiti chini.

"Marimba nzuri," akasema. "Ya nani?"

Gervase alinipigia simu akanieleza hayo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Marimba za kwetu hazina kipimo cha dukani. Kila fundi ana ngazi zake, hapa anapanda kwa hatua ndefu, pale kwa hatua fupi, na mtu aliyekaa mbali akisikia marimba msibani anakuambia imechongwa na nani. Kama haikuwa sauti ya Yelpaala, basi asingekuwa Yelpaala anayesindikizwa. Mzee Bekyone alishasema hataipiga.

Ndipo zikabaki namba zangu.

Mimi nafundisha umeme katika chuo cha ufundi, kwenye mji uitwao Wa. Miaka mitano iliyopita, baba alipoanza kuomba watu warudie maneno, nilimtengenezea kisanduku. Ndani mlikuwa na bodi ndogo, urefu wa kidole, yenye chipu moja ya kuamuru kila kitu, maiki, betri na kioo cha kuonyesha namba. Ukigonga ubao, kisanduku kinakuambia sauti yake inatetema mara ngapi kwa sekunde. Tuliketi naye siku nzima tukaipima marimba yake, ubao kwa ubao, na namba zote kumi na nne nikazihifadhi ndani ya ile chipu, kwenye sehemu ya kumbukumbu isiyosahau hata umeme ukikatika. Nilipotoa daftari nizinakili, baba akanishika mkono.

"Usiandike. Ukiandika, kesho wale mafundi wa Lawra wanachonga marimba yangu na kuiuza."

"Baba, nani ataiba daftari langu?"

"Wewe una marafiki wengi. Ziache humo humo ndani."

Nilicheka, lakini nilitii. Kwa hiyo namba za baba hazikuwa popote duniani isipokuwa ndani ya kipande kile kidogo cheusi, na kipande kilikuwa mezani kwangu.

Jumatano nilikiwasha, kikaamka vizuri. Ningekiacha hivyo hivyo tungekuwa salama. Lakini betri ilikuwa imechoka, na kule nyumbani umeme ulikuwa umekatika wiki nzima, nami nilitaka kisanduku kifanye kazi Ijumaa kutwa bila kuzimika. Nikaamua kuandika programu mpya itakayokifanya kisinzie kidogo kati ya kugongwa ubao mmoja na mwingine, ili kisile betri. Niliandika mbio mbio, kichwani namtukana Gervase. Fundi mzima! Anaacha mbao za baba motoni anakwenda kucheza! Ile amri ya kusinzia nikaiweka mwanzo kabisa, juu ya mstari unaoiambia bodi kitu gani kitaiamsha. Nikapakia. Kompyuta ikasema imemaliza.

Kioo kikawa cheusi. Nikachomoa waya, nikachomeka tena. Kompyuta haikutoa hata ule mlio wake wa kutambua kwamba kuna kitu kimeunganishwa. Kwake pale mezani hapakuwa na bodi. Kila nilipoiwasha, amri ya kwanza bodi iliyoipata ni kulala, ikalala, na hakuna aliyeiambia lini iamke.

Miaka kumi na mbili nafundisha watoto wa watu wasifanye kosa hilo hilo. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia, na wanafunzi walipochungulia dirishani niliwafukuza.

Kesho yake asubuhi nilikipeleka sokoni kwa Ayamga, anayetengeneza simu karibu na kituo cha mafuta. Ayamga ni Mfrafra, na Wafrafra ni watani wetu sisi Wadagara tangu enzi za mababu. Sisi tunasema wao walitudhulumu kichwa cha mbwa mababu walipogawana nyama yake, wao wanasema sisi ndio tuliowadhulumu, na mtani huwezi kumkasirikia, hata akikutukania maiti.

"Karibu mwalimu," akasema. "Leo umeniletea kichwa au mkia?"

"Ayamga, leo sina utani."

"Utani hauombi ruhusa. Lete nione."

Nilimweleza yote, mbao, Mzee Bekyone, Jumamosi. Alisikiliza huku ameigeuza bodi chini ya kioo chake cha kukuzia.

"Nyie Wadagara nyie," akasema taratibu. "Mtu kafa mwaka jana, mnamuua tena mara ya pili. Mmoja kwa moto, mwingine kwa kompyuta."

Sikuweza kucheka. Akaona. Akatoa kifaa chake chenye nyaya sita, akaanza kuzibana kwenye pini za bodi, moja baada ya nyingine, kwa mikono myepesi ya mtu anayeijua kazi yake.

"Hii ndogo. Naiosha chipu yote, naiwekea programu ya kiwandani, dakika mbili imefufuka. Unakwenda zako."

"Unaiosha yote?"

"Yote. Inakuwa kama imetoka dukani."

"Na kumbukumbu?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alinitazama.

"Kuosha ni kuosha, dada. Nikiingilia mlango huu siwezi kuchagua cha kuacha."

Nilizivuta zile nyaya sita kwa mkupuo mmoja, nusura niivunje bodi. Ayamga aliinua mikono juu kama aliyeonyeshwa bunduki.

"Basi, basi! Umetaka nikufufulie mtu, sikujua unataka afufuke akiwa anakumbuka majina ya watoto wake."

"Ndiyo ninavyotaka."

"Basi pita mlango wa mbele. Unaujua. Mguso wa mara mbili."

Naam, niliujua, na usiku ule wote nilikuwa nimeujaribu. Katika chipu zile kuna kijisehemu kidogo kinachoamka kabla ya programu yoyote. Kazi yake ni kuuliza kama kuna programu mpya inayotaka kuingia. Kwa kawaida kinauliza na kupisha kufumba na kufumbua. Lakini ukigusanisha pini ya kuanzisha upya na pini ya hasi kwa kipande cha waya, mara mbili, haraka, kinasubiri. Kinasubiri sekunde nane. Ukiipakia programu nzuri ndani ya sekunde hizo, ile mbaya inafutwa, na kumbukumbu haiguswi. Zikipita, bodi inarudi usingizini.

Shida ilikuwa kompyuta yangu. Ni kuukuu, ya chuo, na kila nikiiamuru ipakie, kwanza inaandaa programu, mara sekunde arobaini, mara dakika nzima, ndipo inaandika neno "inapakia" na kuitafuta bodi. Inabidi uguse pale pale neno linapotokea. Ukigusa mapema, mlango unafungwa kabla programu haijafika. Ukichelewa, kompyuta inakata tamaa. Na mguso wenyewe haukubali mtetemo: waya ukicheza ukagusa mara tatu, au ukakawia kati ya mguso na mguso, hakuna kitu. Nilikuwa nimejaribu mara kumi na moja. Mikono yangu haikunitii.

"Huna mkono leo," Ayamga akasema, safari hii bila mzaha. "Mtu mwenye hofu asishike waya. Tafuta mwenye mkono."

Nilirudi karakana ya chuo. Nilimkuta Gervase amekaa kwenye ngazi ya mlango, pikipiki imeegeshwa juani, vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa kiangazi, limempaka nyusi. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa vilivyolowa mafuta ya shea. Hatukuwa tumeonana tangu moto.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. Nilifungua mlango, akanifuata ndani.

"Nimekuja kuchukua namba," akasema. "Mbao za ziada zipo kumi na sita. Nikianza leo jioni, kesho nitamaliza."

"Hakuna namba."

"Hakuna vipi?"

"Nimeiua bodi, Gervase. Jana. Nilikuwa nimekukasirikia nikaiandikia upuuzi."

Nilikuwa nasubiri anitukane, na kwa kweli ningefarijika, maana tungekuwa sawa. Badala yake akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza.

"Imekufa kabisa au imezirai?"

"Imelala. Kuna namna ya kuiamsha, lakini mimi imenishinda."

Nikamweleza. Aliuliza maswali ya fundi, si ya ndugu. Neno linatokea wapi kwenye kioo? Kati ya mguso na mguso, nafasi kiasi gani? Niligonga meza kwa kalamu kumwonyesha. Akasema rudia. Nikarudia. Akagonga naye kwa ukucha, nikasema pungufu kidogo, akagonga tena, nikasema hapo hapo.

Kwenye mkono wake wa kulia, kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimesalimika. Alishika kile kipande cha waya kwa vidole hivyo viwili kama anavyoshika kijiti.

"Usinihesabie," akasema. "Ukinihesabia utaniharibia. Niache nitazame."

Niliandaa programu ndogo kuliko zote, ya kuwasha taa na kuizima, isiyogusa kumbukumbu. Nikabonyeza. Kompyuta ikaanza kuvuma. Sekunde thelathini. Arobaini. Gervase hakupepesa macho. Hamsini. Neno likatokea na mkono wake ukashuka, tak-tak, nikajua kabla ya kompyuta kwamba mguso ulikuwa sawa. Lakini kompyuta ikasema haioni kitu.

"Mara nyingine," akasema.

Mara ya pili ilikuwa vile vile. Mara ya tatu kabla sijabonyeza alisema, bila kuniangalia, "Dada, wale watu walikuwa wanacheza vizuri sana. Nilisahau shimo. Sina cha kukuambia zaidi ya hicho, nilisahau."

"Najua."

"Baba hakuwahi kusahau."

"Baba alisahau jina langu siku ya ubatizo, muulize mama. Tazama kioo."

Nikabonyeza. Neno likatokea. Tak-tak. Kompyuta ikatoa ule mlio mdogo, wa kijinga, wa kutambua kitu, na mistari ikaanza kujipanga kwenye kioo, na kwenye bodi taa ndogo ya kijani ikawaka, ikazimika, ikawaka. Gervase aliachia waya ukaanguka. Nilimshika kichwa nikakiegemeza begani kwangu, naye hakukataa, ingawa ni mtu mzima mwenye watoto watatu.

Bado hatukujua kama namba zimesalia. Nilipakia programu ya pili, ya kusoma kumbukumbu na kuitoa kwenye kioo. Sasa bodi ilikuwa macho, ikaipokea bila kusumbua. Namba zikaanza kushuka, moja kila mstari. Ya kwanza, mia moja na kumi na nane. Ya pili, mia moja thelathini na sita. Nilizisoma kwa sauti, na safari hii niliziandika kila mahali, kwenye daftari, ubaoni, kwenye mkono wangu. Ya nane, mia tatu kumi na moja. Ya tisa, mia tatu arobaini na moja.

"Hiyo iache," Gervase akasema.

"Kwa nini?"

"Iko chini. Kati ya ya nane na ya kumi panatakiwa kuwe mia tatu hamsini na kitu. Hujui ule ubao? Watu walimcheka baba kwa ule ubao. Wale wa Lawra walikuwa wanauita ubao wa kiziwi. Eti fundi gani hasikii ubao wake mwenyewe."

Nilijua. Nilikuwa nimewasikia kwa masikio yangu, sokoni, nikapita kama sikusikia.

"Masikio yalikuwa yamemharibikia," Gervase akaendelea. "Nitamwekea sawa. Siku yake ya mwisho asichekwe na mtu. Hiyo moja tu, dada. Nyingine zote kama alivyoziacha."

Ningeweza kubisha. Mimi ndiye mtu wa vipimo, na kipimo kilikuwa mbele yangu. Lakini niliiona aibu ile ile aliyoiona yeye, na nilichoka. Nikasema sawa.

Nilikirudishia kisanduku programu yake ya kupimia, na Gervase akachonga kwa namba hizo mpaka Ijumaa usiku. Jumamosi kiwanja chetu kilijaa watu kabla jua halijawa kali. Wanawake walikuwa wamekoroga pombe tangu Jumatano, wajukuu wanakimbizana na vibuyu vitupu. Ayamga alikuja na wenzake watatu, wakafanya kazi ya watani. Alivaa kofia ya baba, akatembea kwa magoti yaliyopinda kama baba, akawauliza waombolezaji mbona wamekonda hivyo, au huku kwetu mbwa wamekwisha. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mama hakuwa amelia tangu siku ya kufa baba, mwaka mzima. Wake wa ukoo walikuwa wanasemasema juu ya hilo, nami lilikuwa linanitisha.

Mzee Bekyone aliletwa, akaketishwa kwenye kigoda. Safari hii hakugonga ubao mmoja mmoja. Alishika vijiti akaanza moja kwa moja kumwita Yelpaala kwa sifa zake, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike, baba akawa pale uani. Sijui nilisemeje vinginevyo. Zile hatua ndefu na fupi, ule mngurumo wa vibuyu chini ya mbao, vilikuwa ni yeye akija kutoka shambani. Watu waliinuka. Gervase alinitazama kutoka upande wa pili, macho yamejaa.

Halafu mzee akaacha.

Akarudia kipande kile kile, akafika pale pale, akaacha tena. Akaugonga ubao wa tisa peke yake.

"Huyu simjui," akasema.

Waliokuwa wameinuka kucheza wakasimama. Hata Ayamga alivua ile kofia.

"Wengine wote nawajua," mzee akasema. "Miaka arobaini nimekaa nao. Huyu mmoja ni mgeni. Nani kamwingiza humu?"

Gervase alisogea akapiga magoti. "Ni mimi, mzee. Ule wa zamani ulikuwa umekosewa. Masikio ya baba yalikuwa..."

"Wakati ule masikio ya baba yako hayakuwa na kasoro."

Huyo aliyesema alikuwa mama. Hakupaza sauti, ila kila mtu alisikia. Alituita mimi na Gervase kwa mkono, tukaenda, tukachuchumaa mbele ya mkeka wake.

"Ubao ule aliukwangua siku tuliyotoka kumzika mtoto wetu wa kwanza," akasema. "Alikuwa na miaka minne. Nyinyi hamjazaliwa. Baba yenu alifika nyumbani, hakula, hakunawa, akaenda akauchomoa ubao wa tisa akaushusha sauti. Nikamwuliza unaharibu nini tena? Akasema hizi nyingine zicheke tu, lakini huu usicheke tena. Watu walimcheka miaka arobaini na hakuwaambia neno."

Tulijua kulikuwa na mtoto kabla yetu, kama watoto wanavyojua mambo ya namna hiyo, bila kuambiwa jina, bila kuuliza. Nilitamani ardhi inimeze. Kipimo nilikuwa nacho, kimeandikwa mpaka kwenye mkono wangu.

"Kachukue kisanduku," Gervase akaniambia.

Kwetu mwanamke hasogelei marimba inapopigwa msibani. Nilisimama na kisanduku mkononi nikamtazama Mzee Bekyone. Alisogeza kigoda chake kidogo, nikapata nafasi.

Gervase aliuchomoa ubao, akaupindua, akaegemeza kisu katikati ya tumbo lake. Ukikwangua ncha sauti inapanda, ukikwangua katikati inashuka, na ukishaishusha kupita kiasi huwezi kuurudishia mti ulioutoa. Mikono yake ilikuwa bado imefungwa vitambaa. Alikwangua, akapuliza vumbi, akaugonga.

"Mia tatu hamsini na tano," nikasoma.

Akakwangua.

"Mia tatu hamsini na moja."

Watu wote wale, karibu mia mbili, walikuwa wamesimama kimya wakisikiliza mtu mmoja akikwangua mti na mtu mwingine akitaja namba.

"Arobaini na saba... Arobaini na nne. Taratibu, Gervase."

Alikwangua mara moja tu, kwa uzito wa kalamu. Akaugonga.

"Mia tatu arobaini na moja. Acha. Acha hapo."

Aliufunga mahali pake. Mzee Bekyone hakuujaribu. Aliinua vijiti akaanza upya, mwanzo kabisa, na alipofika pale ubao ukashuka chini ya wenzake, kwa huzuni, pale pale nilipousikia maisha yangu yote nikaona aibu. Mzee akafumba macho akaendelea.

Mama akainuka kwenye mkeka. Machozi yalikuwa yanamtiririka hayafuti. Alitembea mpaka katikati ya kiwanja, akageukia njia inayotoka nyumbani kwetu kwenda magharibi, wanakoelekea waliokufa, na akamwita mumewe kwa jina ambalo mimi na Gervase hatukuwahi kulisikia.

"Haya, Baba Ayuo," akasema. "Nenda. Mwambie mtoto, mama yake anakuja."